Misukule Kumi

Mwaka 1983, siku ya tatu baada ya kumzika mjomba, jirani yetu mmoja alimwambia bibi maneno yaliyougeuza msiba wetu. Wanawake walikuwa uani wakichagua mchele wa hitima. Yule jirani akaweka ungo chini, akamsogelea bibi mpaka magoti yao yakagusana, akasema kwa sauti ya chini: "Dada, usimlilie kama aliyekufa. Yule hakufa. Yule kachukuliwa."

Bibi hakujibu. Aliendelea kuokota chuya. Lakini mimi niliyekaa ubavuni kwake niliona vidole vyake vinaokota hata punje safi na kuzitupa mavumbini. Ule ulikuwa mwaka wa foleni na unga wa mahindi ya njano tuliouita yanga. Hakuna mtu aliyetupa mchele.

Nilikuwa na miaka 11, na mtoto yeyote wa Bagamoyo wa umri huo alijua maana ya neno lile. Aliyechukuliwa ni msukule. Tuliambiwa kwamba mchawi humpumbaza mtu akalala kama maiti, watu wakamwosha, wakamkafini, wakamzika, kumbe kilichomo ndani ya sanda ni gogo la mgomba. Mwenyewe kafichwa nyuma ya mlango wa aliyemchukua. Ulimi wake umekatwa asiseme. Chakula chake ni pumba. Usiku hutolewa kwenda kulima shamba lisilo lake, na kabla jogoo hajawika hurudishwa mafichoni. Jina lake halijui tena. Anaweza kupita mbele ya nyumba ya mama yake asiutambue mlango. Mwili upo, pumzi ipo, nguvu ipo. Roho iko mkononi mwa mwingine.

Mjomba alikuwa kitindamimba wa bibi, fundi seremala, mwenye miaka 33 na mabega ambayo mimi niliyajua vizuri kwa sababu nilikua nikibebwa juu yake. Siku za Jumapili alikuwa akinipeleka kwenye misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, ambao walifika mjini kwetu mwaka 1868, kuutazama mbuyu mkubwa ulioko pale. Kwenye shina la mbuyu ule kuna mnyororo. Wageni wengi hudhani ulikuwa wa watumwa, lakini wazee wa misheni husimulia kwamba aliufunga mwanamke Mfaransa, Madame Chevalier, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ili amfunge punda wake. Mti ukazidi kunenepa, gome likaufunika mnyororo, kikabaki nje kipande kifupi tu. Mjomba alinishikisha kipande hicho, akaniambia, "Vuta." Nikavuta kwa mikono miwili. Akasema, "Umeona? Mnyororo haukuukata mti. Mti umeumeza." Alilisema hilo kama fundi anayesifu mbao, basi.

Homa ilimshika Jumatatu. Jumanne jioni aliweweseka, akawa anamwita baba yake aliyefariki mimi sijazaliwa. Usiku degedege likamjia, na Jumatano kabla ya adhana ya alfajiri akakata roho. Siku mbili tu, mtu mzima mwenye nguvu zake, na Jumapili iliyotangulia alikuwa bado anapiga randa.

Watu hawakuwa na maelezo, na kifo kisicho na maelezo hutafuta mwenyewe. Bibi alionyeshwa uso wa mwanawe kwa dakika moja, kwa mwanga wa kandili, pamba zikiwa puani. Kisha jeneza likainuliwa. Kwetu wanawake hawaendi makaburini siku ya maziko. Walibaki uani na kilio chao. Hakuona akishushwa. Hakuona udongo. Kwa hiyo jirani aliposema kwamba kilichozikwa ni mgomba, bibi hakuwa na macho ya kumjibu.

Na mwenye kumchukua alikuwa kashapatikana. Alikuwa mwanamke mzee tuliyemwita Bibi wa Bondeni, aliyeishi peke yake mwisho wa mtaa na kulima mpunga katika bonde la Mto Ruvu. Hakuwa na mume wala mtoto aliye hai. Kila mwaka magunia yake yalizidi ya wanaume wenye wake wawili. "Nani anamlimia?" watu waliuliza, na swali lenyewe likawa ndilo jibu. Zaidi ya hapo, wiki mbili kabla ya kufa mjomba alimtengenezea mlango, na majirani walimsikia bibi yule akimwambia, "Mwanangu, mikono hii ingenifaa shambani kwangu." Yalikuwa maneno ya shukrani ambayo mzee yeyote humwambia kijana mchapakazi. Baada ya maziko yakageuka ushahidi.

Sisi watoto tulikatazwa kumwamkia. Sijui kama wasomaji wa leo wanaelewa uzito wa jambo hilo. Katika mji wetu mzee anapita kati ya shikamoo kama anavyopita kati ya minazi. Hana haja ya kuzihesabu, zipo tu. Bibi wa Bondeni alianza kupita katika kimya. Akina mama waliwavuta watoto wao upande wa pili wa njia. Nami nilivutwa, na niliona jinsi alivyoinua kidevu, akatazama mbele, akaendelea kutembea na jembe begani.

Siku ya hitima, maalimu wa chuo chetu alisoma, kisha akazungumza. Alisema roho ni jambo la Mola peke yake, kwamba Aliyeitia ndiye anayeitoa, na kwamba hakuna kiumbe aliyekabidhiwa funguo zake. Watu wote wakaitikia amina. Bibi naye aliitikia, na najua aliamini, maana hakuwahi kuacha sala hata siku ya homa. Lakini mtu aliyefiwa na mwanawe, ukimwambia kuna mlango mmoja ambao haujafungwa, atakwenda kuugonga. Wiki ile ile alivua bangili zake mbili za fedha, alizovaa tangu harusi yake, akampelekea mganga.

Mganga yule simtaji. Alimpa bibi dawa ya kujipaka machoni, akamwambia angoje mwezi mpevu, aende shambani kwa aliyemchukua mwanawe usiku wa manane, naye atamwona akilima. Akaongeza kwamba amchukue mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo, kwa sababu macho ya mtoto kama huyo huona yaliyofichwa. Mtoto huyo nilikuwa mimi.

Tulitoka nyumba nzima imelala. Bibi alibeba kandili, mimi nikabeba kanzu ya mjomba iliyokunjwa, ili akipatikana avishwe. Mwendo ulikuwa wa saa moja na zaidi. Niliogopa viboko wa Ruvu kuliko nilivyoogopa uchawi. Nikubali jambo moja, kwa kuwa miaka 40 imepita na bado nalikumbuka: pamoja na hofu nilikuwa na furaha. Niliamini kwamba nitamwona mjomba. Nilishapanga la kumwambia, kwamba randa yake nimeitunza, nimeipaka mafuta isipate kutu.

Mwezi ulikuwa mkubwa, majaruba yanang'aa kama sahani. Tukasikia jembe. Pa, kimya, pa, kimya. Kisha nikaona mtu, ameinama, peke yake katikati ya mpunga. Nikapiga ukelele: "Mjomba!"

Jembe likanyamaza. "Nani hapo?" sauti ikauliza. "Kama ni nguruwe, mkuki ninao. Kama ni binadamu, sema."

"Ni mimi," bibi akasema. "Mama wa marehemu." Lilikuwa neno lililomtoka bila kulichagua. Muda wote wa wiki zile hakuwahi kumwita mwanawe marehemu.

Bibi wa Bondeni alitusogelea, maji yakimfika magotini. Alitazama kandili, akanitazama mimi, akatazama kanzu mikononi mwangu. "Umekuja kumtafuta," akasema.

"Nimekuja kumtafuta."

"Basi mtafute." Akapanda ngazi ya dungu lake, akashuka na taa. "Chukua hii, yako inakaribia kuzimika. Anza na dungu. Kisha pita jaruba moja moja. Usiache hata moja, usije ukarudi nyumbani na shaka."

Bibi akaichukua. Alipanda dunguni, akafunua mkeka, akafunua jamvi. Akashuka, akaanza kuzunguka majaruba. Nilimfuata kwenye matuta, miguu ikiteleza. Aliliita jina la mwanawe. Hakuliita kwa kilio. Aliliita kama mama anavyomwita mtoto aliyechelewa kurudi kula. Vyura walikuwa wakinyamaza tukipita, kisha wakaendelea nyuma yetu. Tulizunguka shamba lote. Lilikuwa kubwa kweli.

Tuliporudi, yule mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi. Bibi akasimama mbele yake, akauliza swali ambalo mji mzima ulikuwa ukiuliza bila kumwendea mwenyewe: "Nani anakulimia shamba lote hili?"

Bibi wa Bondeni akanyoosha mikono yake kwenye mwanga wa taa. Vidole vilikuwa vimepinda kama mizizi ya mkoko. Kucha mbili hazikuwapo. Viganja vilikuwa sugu tupu. "Hawa hapa," akasema. "Kumi. Misukule wangu ni hawa."

"Na mbona usiku?"

"Mchana mnapita hapa. Mnapita na watoto, mnawavutia upande wa pili. Jembe ni zito, ila nalimudu. Hilo la kuvutwa watoto silimudu."

Bibi alikaa chini pale pale, kwenye tope. Baada ya muda akaniambia bila kugeuka, "Mwamkie bibi yako."

"Shikamoo, bibi."

Mzee hakujibu mara moja. Nilidhani hakunisikia, nikawa najiandaa kurudia. "Marahaba, mwanangu," akasema. Kisha akalisema tena, peke yake, kama mtu anayeonja chakula alichokisahau: "Marahaba."

Ndipo bibi akalia. Kilikuwa kilio cha aliyekufa, kile alichokatazwa uani, na kilitoka chote. Bibi wa Bondeni alishuka ngazi akamshika mabega. Sikuelewa usiku ule kwa nini kilio kile kilinipa utulivu. Nilielewa nilipokuwa mtu mzima: mjomba alikuwa amezikwa wakati ule, mbele yetu, na mama yake alikuwepo.

Hatukurudi usiku ule. Tulipanda dunguni, mimi nikalazwa juu ya ile kanzu, nikajifanya nimelala ili niwasikie. Hapo ndipo bibi aliposema maneno ambayo yamekuwa nami maisha yangu yote. "Msukule mimi nimemwona," alimwambia mwenzake. "Amenilea."

Alimsimulia habari za bibi yake, ambaye nyumbani tunamwita Mkongwe. Alikamatwa akiwa mtoto, mbali bara, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo watu wa pwani waliiita Manyema. Alitembea miezi mingi katika msafara, njia ile ile iliyopita Ujiji na Tabora na kuishia kwetu, kwenye mji ambao jina lake watu huligombania mpaka leo: wengine husema ni mahali wapagazi walipobwaga moyo kwa kupumzika, wengine husema ni mahali mateka walipouacha moyo kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Yeye hakuvushwa. Alinunuliwa na mwenye mashamba wa hapa hapa, akafanywa mjakazi. Bwana wake alimpa jina jipya, neno la dukani, neno la kile kinachobaki mkononi mwa mfanyabiashara akishauza. Bibi alitukataza kulitamka, nami silitamki.

"Tazama basi," bibi alisema. "Kwao wamemlilia, wamekaa matanga, wamegawana vitu vyake, kumbe yu hai. Ulimi wake haukukatwa kwa kisu, ila hakukuwa na mtu hata mmoja wa kusema naye lugha ya mama yake. Chakula chake kilikuwa ukoko wa vyungu vya wengine. Analima mpunga usio wake, katika bonde hili hili. Jina lake hakuna anayelijua. Si msukule huyo?"

"Ndiye," mwenzake akasema.

"Ndiye. Lakini mimi nimelala naye kitanda kimoja mpaka nimekuwa msichana. Roho yake alikuwa nayo. Alikuwa akikasirika. Alikuwa akicheka. Akichagua wa kumpenda na wa kumnyima. Bwana wake alikuwa na mwili wake, na jasho lake, na watoto aliowazaa. Roho hakuwa nayo, na alijua kwamba hana. Ndiyo maana kila usiku alikuwa akiufunga mlango wa wajakazi kwa komeo la nje. Aliye na roho yako hafungi mlango."

Kimya kikapita. Kisha Bibi wa Bondeni akasema, "Mlango wangu hauna komeo. Marehemu aliniambia angerudi Jumatatu kulitia."

Jumatatu ile ndipo homa ilipomshika.

Bibi hakujua kuhesabu miaka ya mambo yale. Miaka niliitafuta mwenyewe nilipokuwa mkubwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, lakini misafara ya bara haikukatika siku ile wala mwaka ule. Unguja utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Kwetu Wadachi walioitawala pwani tangu mwisho wa miaka ya 1880, na kuifanya Bagamoyo makao yao ya kwanza, hawakuufuta; waliruhusu mtumwa ajikomboe kwa fedha na kupewa hati, kisha wakaamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilikuja na Waingereza mwaka 1922. Nimeisoma miaka hiyo mara nyingi, na kila mara huona jambo moja. Serikali zile zilijadiliana kuhusu soko, bandari, fidia, watoto na masuria. Zote zilikuwa zikizungumzia miili. Hakuna mkataba uliowahi kutaja roho, kwa sababu hakuna aliyeweza kuionyesha risiti yake.

Mkongwe hakungoja mwaka 1922. Alhamisi na Ijumaa zilikuwa siku walizoachiwa watumwa wajifanyie yao, na katika siku hizo alisuka mikeka ya ukindu, akaiuza, akaweka senti moja juu ya nyingine. Ilimchukua miaka mingi. Alipofika bomani na fedha zake, karani alimwuliza jina la kuandika kwenye hati. Akalitaja. Si lile la dukani. Alitaja jina aliloitwa na mama yake, ambalo hakuwa amelitamka mbele ya mtu tangu utoto, na ambalo bwana wake, aliyesimama pale kama shahidi, alilisikia kwa mara ya kwanza siku ile. Bibi alisema bwana yule aligeuka kumtazama kana kwamba mtu mgeni ameingia chumbani.

Huwa namfikiria sana mwanamume yule. Aliishi na mtu miaka na miaka, akala mpunga wake, akaamini kwamba anammiliki, na hakujua hata anaitwa nani.

Asubuhi tulirudi mjini watatu, mchana kweupe, kwa njia kuu. Bibi alitembea katikati. Kila tulipopita kundi la watu alimsemesha Bibi wa Bondeni kwa sauti, juu ya mbegu, juu ya bei ya jembe, juu ya jambo lolote. Mtaa haukubadilika siku moja. Wapo waliosema bibi naye kalishwa kitu. Wapo waliomwonea huruma, kwamba huzuni imemharibu akili. Yeye kila Ijumaa alikuwa akinituma na sahani iliyofunikwa kawa kwenda mwisho wa mtaa, na kila mara aliniagiza: "Mwamkie kwa sauti, wasikie." Fundi mwingine alipatikana, akatia lile komeo, kwa upande wa ndani. Bibi alimlipa. Mzee alipofariki, miaka minane baadaye, bibi na mama yangu ndio waliomwosha. Mama aliniambia kwamba bibi aliiosha mikono mwisho, kidole kimoja kimoja, akiihesabu.

Mimi nilikuja kuwa muuguzi. Katika wodi nilikuta kilichomuua mjomba. Ni malaria iliyopanda kichwani, nayo huweza kumwangusha mtu mwenye nguvu zake kwa siku mbili. Homa, kuweweseka, degedege, kisha kukatika. Nimewaona wengi, na nimesimama na jamaa zao koridoni wakati mmoja wao anapouliza, "Nesi, hivi kweli amekufa huyu?" Wenzangu wengine hulichukia swali hilo. Mimi huwaruhusu waingie. Mama nampa kiti, namshikisha mkono wa mwanawe mpaka upoe mkononi mwake. Inachukua muda, na muda hatuna, lakini najua mwanamke asiyeona anakwenda wapi usiku.

Nimekutana pia na wale ambao watu huwaita misukule waliorudi. Mtu ameokotwa akizurura, hasemi, hajitambui, amekonda. Mara watu wa kijiji fulani wanasema ni ndugu yao aliyezikwa miaka mingi iliyopita. Wanamchukua kwa machozi ya furaha. Mara nyingi ni mtu mwenye maradhi ya akili aliyepotea kwao, na kwao wanamtafuta. Huyo haibiwi roho. Anaibiwa jina mara ya pili, na matibabu ambayo yangemrudishia maneno yake yanacheleweshwa.

Na kuna yale ambayo siwezi kuyaandika kwa utulivu. Bibi wa Bondeni alipona kwa kunyimwa salamu tu. Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga usiku vitandani mwao, wakishukiwa uchawi kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyopikia watoto wa watu wengine juu ya moshi kwa miaka 50. Sheria ya Uchawi imekuwapo nchini tangu mwaka 1928, na chini yake kumwita mtu mchawi bila njia ya haki ni kosa. Lakini sheria hufika asubuhi, na panga limepita usiku. Tunasema mzee yule kaiba roho. Aliyeitoa roho ya mtu katika kisa kizima ni yule aliyeshika panga. Hata yeye hakuipata. Aliutoa uhai wa mtu, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Nakaribia umri aliokuwa nao bibi aliponichukua kwenda shambani, na swali la usiku ule sijaliacha. Je, roho ya mtu inaweza kuibwa? Vingi huibwa. Nimevihesabu katika ukoo wangu mwenyewe: jina, lugha, jasho, watoto, salamu. Hivi vikiibwa vyote kwa pamoja, mtu hubaki anafanana na aliyetolewa roho, na wenye kumtazama kwa mbali huapa kwamba haipo. Lakini usogee, ukae naye kitanda kimoja kama alivyokaa bibi, utamkuta anakasirika, anacheka, anahesabu senti za Alhamisi. Kila aliyedai kuimiliki alijikuta analinda mlango usiku kucha.

Kuna watu ninaowafikiria kuliko wote, nao sitawajua kamwe. Ni wale wa ng'ambo ya ziwa, waliorudi kutoka kisimani siku moja wakamkuta mtoto hayupo. Walimlilia. Pengine nao waliambiwa kwamba kachukuliwa; pengine huko pia palikuwa na kikongwe aliyeishi peke yake na kuvuna vizuri, na watoto wakavutwa upande wa pili wa njia. Hakuna msafara uliowahi kurudi kuwapa habari. Basi nawapa mimi, mjukuu wa mjukuu wake: binti yenu alikuwa kwetu. Mwili wake ulipimwa na kuuzwa, nasi hatuna la kuwafuta machozi kwa hilo. Lakini alizeeka. Alikufa juu ya mkeka aliousuka mwenyewe, mlango uko wazi, na waliokaa kumsomea walimwita kwa jina mlilompa.